Lile Jarida Linalokonyeza: Anti Anajibu Barua Zenu

Jamani wasomaji wangu, mwezi uliopita niliandika mistari michache tu hapa kuhusu i-D, lile jarida la mitindo na maisha ya vijana la kule London ambalo nalipenda tangu nikiwa binti, basi barua zilizokuja sikuzitegemea, simu imejaa, wengine wameacha karatasi kabisa kwa mlinzi getini. Sikujua kama tuko wengi hivi. Leo maswali ya ndoa na michango ya harusi yasubiri kidogo, nimechagua tano za jarida nizijibu, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu maana mwenyewe kaomba.

Shikamoo Anti. Mi nina miaka 23, nauza mitumba pale Memorial, Moshi. Mwaka juzi tulifungua belo la makoti, kwenye mfuko wa ndani wa koti moja nikakuta jarida limekunjwa, limeandikwa i-D, kwenye kava kuna dada kafumba jicho moja. Kiingereza changu cha kuungaunga ila nimelisoma mpaka kurasa zimelegea. Tangu hapo nimepata mengine matatu, mawili nimenunua kwa wale wauza vitabu vya chini kule Dar na moja kanitumia binamu yangu aliyeko Leicester. Nyumbani wananiona nimechanganyikiwa, bro ananiambia hela ya raba we unaenda kununulia makaratasi. Naomba kujua, kwa nini kila kava mtu kafumba jicho? Nani walilianzisha? Na mbona picha zake zinaniingia kuliko za majarida mengine yenye nguo za bei kali? Alafu nasikia limekufa, ni kweli? Usifupishe Anti.

Marahaba mwanangu, karibu sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema kurasa zimelegea, maana na ya kwangu iko hivohivo.

Nianze na jicho. Chukua hilo jarida lako utazame jina lake, kuna i ndogo, kistari, alafu D kubwa. Sasa ligeuze robo mzunguko kufuata mshale wa saa unavyokwenda. Umeona? Ile i imelala, kinukta chake kimekuwa jicho lililo wazi, kijiti chake kimekuwa jicho lililofumbwa, kistari kimesimama kikawa pua, na D imekuwa mdomo unacheka. Ni sura ya mtu anakukonyeza! Ndo maana mtu wa kwenye kava jicho moja lazima alifumbe au alizibe, kwa mkono, kwa nywele, kwa kofia, kwa ua, wana njia zao nyingi na mi kila nikipata nakala kitu cha kwanza natafuta safari hii wameliziba kwa nini. Na jina lenyewe linakumbusha utambulisho, yaani we ni nani, kama kile kitambulisho unachotembea nacho mfukoni.

Walioanzisha ni Terry Jones na mkewe Tricia, London, mwaka 1980. Huyu Terry hakuwa mtu wa kubahatisha, miaka ya sabini alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa Vogue ya Uingereza, lile jarida kubwa la mitindo, kazi ambayo wengi wangeishikilia mpaka wazeeke. Ila kila akitoka ofisini anakutana na vijana wa panki, nywele zimesimama, wamechana fulana zao wenyewe wakaziunga kwa pini, wamevaa buti za jeshi na sketi ya bibi, na wale vijana ndani ya Vogue hawamo kabisa. Akaacha kazi. Nakala ya kwanza ya i-D ilikuwa ni makaratasi yamepigwa kwa taipureta yakabanwa kwa stepla kwa mkono, ilitoka Agosti 1980. Yaani ukiiona leo unasema huyu kaitengeneza kijana wa form foo kwenye steshenari ya mtaani.

Sasa kwa nini zinakuingia. Hapa ndo penyewe mwanangu, ngoja nikae vizuri. Kwenye zile nakala za mwanzo walikuwa na picha walizoziita straight up, mtu anasimamishwa palepale walipomkuta mtaani, mgongo ukutani, anapigwa picha kuanzia unywele mpaka soli ya kiatu, hakuna taa wala mtu wa kumpaka poda. Alafu wanamuuliza: hilo koti umelitoa wapi? Hiyo suruali nani kakushonea? Unasikiliza muziki gani? Majibu yanaandikwa pembeni ya picha kama alivyosema. Koti la marehemu baba, kiatu cha kuazima kwa dada, shati la duka la hisani. Basi. Kwenye majarida mengine nguo ndo ina jina na bei na modo hana hata jina, huku mtu kwanza ndo nguo baadaye. We unauza mitumba, kila siku unaona mtu anavyolishika koti, analinusa, anageuza ndani aone mshono, anajiangalia kwenye kile kioo kilichopasuka, kwa hiyo lile swali la "umelitoa wapi" we unalijua toka moyoni. Ungelikosaje kulipenda?

Tena nikwambie kitu. Wale vijana wa London walikuwa wananunua sana kwenye maduka ya hisani, ambapo watu hupeleka nguo zao za zamani ziuzwe hela iende kwenye misaada. Zisizonunuliwa pale huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zinapangwa kwa gredi, zinafungwa belo, na nyingi ndo hizo zinashuka Mombasa na Dar mpaka zinafika kwako Memorial. Yaani hilo koti lililobeba jarida lako huenda lilining'inia kwenye duka lilelile ambalo mtu wa kwenye picha alikuwa anachagua shati. Mwambie bro hivo.

Mi mwenyewe nililipata kwa mjomba wangu baharia, Mungu amrehemu. Alikuwa anakuja na meli za mizigo, zawadi zake ni sabuni, biskuti za kopo na magazeti aliyoyaokota kwenye vyumba vya wenzie. Mwaka 1991 akaniletea i-D moja, kava limeingia doa la chai duara kamili kama mtu alilifanya kisahani. Ndani kulikuwa na binti kasimama mbele ya ukuta wa matofali, kavaa koti la kiume kubwa, mikono kaikunja mpaka kwenye kiwiko na bitana ya ndani inaonekana ina maua makubwa. Ile bitana ilininyima usingizi jamani. Nikachukua koti la zamani la baba na kanga ya mama iliyochakaa upande, nikaenda kwa fundi Kariakoo nikamwonyesha picha. Fundi akaitazama kwa muda mrefu, akalilaza jarida juu ya cherehani akasema, "Kanga ina maneno, tuyafiche au tuyaache?" Nikasema tuyaache. Ilikuwa ile ya naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake, akaikata kwa akili, upande wa kushoto ukifunua koti unasoma "siogopi mtu", yaliyobaki yameingia kwenye mshono. Nililivaa lile koti miaka minne, na watu wa daladala walikuwa wananisoma kwa nguvu.

Kuna mtu mmoja pia lazima nimtaje maana nikimfikiria napata nguvu. Edward Enninful, mtoto wa Ghana, mama yake fundi cherehani, alikulia kwenye vitambaa vya mama yake akimsaidia. Wakahamia London. Ana miaka 16 yuko kwenye treni ya chini ya ardhi akaonwa na stailisti Simon Foxton, akaanza kama modo, akaingia i-D, na ana miaka 18 tu wakampa ukuu wa mitindo wa jarida zima. Miaka 18! 2017 akawa mhariri mkuu wa Vogue ya Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kukaa kile kiti. Mlango uliomwingiza ni i-D. Mwimbaji Sade naye, mzaliwa wa Ibadan, alikaa kwenye kava lao mwanzoni mwa miaka ya themanini hata albamu yake ya kwanza haijatoka, na Madonna wakamweka 1984 wakati dunia ndo kwanza inaanza kumjua.

Kuhusu kufa, hapana, ila liliumwa. 2012 lilinunuliwa na kampuni ya Vice ya Marekani, Vice yenyewe ikaja kufilisika 2023, mwaka huohuo mwanamitindo Karlie Kloss kupitia kampuni yake akalinunua i-D. Kuchapisha kukasimama kwa muda, mi roho ilikuwa mkononi, alafu 2025 likarudi kwenye karatasi. Kwa hiyo endelea kumsumbua binamu wa Leicester. Na hela ya raba ni yako mwanangu, umeitolea jasho, unachokinunua unajua kwa nini unakinunua.

Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa Tanga, binti yangu ana miaka 14, amekolea na haya majarida, shangazi yake anayefanya kazi Muscat ndio humletea ya kila aina pamoja na hilo i-D. Nilipofunua nikakuta picha nyingine watu karibu wako uchi. Nimeyafungia kabatini, mtoto analia siku ya tatu. Nimekosea? Halafu sehemu nyingine kurasa zimegandana, nikizitenganisha zinachanika, na kuna vidudu vyeupe.

Salama dada yangu, na pole. Hujakosea kufunua, wazazi wengi hawafunui kabisa. Na sikufichi, kuna kurasa humo si za mtoto wa miaka 14, jarida lilitengenezwa kwa vijana wakubwa wa kule na mwiko wao si wetu, hata mi nazipita zingine haraka.

Ila kulia siku tatu, dada, huyo halilii picha za uchi. Fanya hivi, yatoe kabatini siku ambayo huna haraka, kaeni wawili mkekani, muulize akuonyeshe kurasa tatu anazozipenda kuliko zote na kwa nini. Usiseme neno mpaka amalize. Mi nilifanya hivi na mtoto wa dada yangu, nikadhani atanionyesha magauni, akanionyesha herufi! Alikuwa anapenda jinsi maneno yalivyopangwa, yamelazwa, yamekatwa, yamepishana, sasa hivi anasoma mambo ya usanifu wa machapisho. Hujui wako anatazama nini. Zile kurasa usizozitaka mwambie wazi hizi bado, ukazibane kwa klipu, na umwambie shangazi wa Muscat achuje kabla ya kuleta. Kufungia yote kutamfanya akayatafute kwa simu, na huko hakuna wa kuchuja.

Kugandana ni unyevu. Karatasi ile inayong'aa ikipata hewa ya bahari ya kwenu Tanga inanata kama bandeji, na zikishagandana usizivute. Yasikae sakafuni wala kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, nailoni inafungia jasho ndani. Yasimamishe wima kwenye boksi la karatasi juu ya rafu, yasibanane sana, mara moja kwa mwezi yatoe kivulini yapepewe, juani hapana maana rangi inakimbia. Hivyo vidudu navyo vinapenda gundi ya mgongo wa jarida na vinapenda giza lenye unyevu, hewa ikipita hupungua.

Anti sasa. Niko Mombasa, Kongowea, nasoma chuo. Tunaambiwa Mzungu ndiye alianza kupiga picha watu wa kawaida na kuwaweka kwa magazine. Kwani sisi hatukuwa na yetu? Ama tunangoja London itukonyeze?

Poa mwanangu, swali zuri na lina moto. Tulikuwa nayo. Drum ilianza Afrika Kusini 1951, enzi za ubaguzi, na ndani yake mlikuwa na waimbaji, mabondia, wasichana warembo wa Johannesburg, suti na kofia, pamoja na habari za magereza na mashamba ambazo serikali haikutaka zisomwe. Ilisambaa mpaka Ghana na Nigeria na ikawa na toleo la Afrika Mashariki pia, muulize babu yako kama anaikumbuka, wengi wa umri wake Mombasa wanaikumbuka vizuri.

Na kama unataka kuona London kwa jicho la Mwafrika miaka mingi kabla i-D haijazaliwa, tafuta picha za James Barnor. Huyu mzee alizaliwa Accra 1929, akawa na studio yake pale, 1959 akaenda Uingereza, na miaka ya sitini akawa anaipigia picha Drum hukohuko London, wasichana weusi wameegemea magari, wamevaa vigauni vifupi vya rangi, wako kwao kabisa. Kuna moja ya 1967, mtangazaji Mike Eghan yuko Piccadilly Circus usiku, taa za matangazo zinawaka nyuma, yeye kaitanua mikono yote miwili kama mtu anayeupokea mji mzima. Mi hiyo picha nikiitazama koo linakaba.

Hapa Tanzania tukawa na Femina, 1999, baadaye likaitwa Fema, lilipelekwa bure shule za sekondari na kwenye kava wakawa vijana wenyewe, wa kutoka mikoani. Lilikuwa zaidi la afya na maisha kuliko mitindo, ila mi nakumbuka wasichana wa bweni walivyokuwa wanalikata lile kava wanalibandika ndani ya mlango wa loka. Hiyo nayo ni mapenzi ya jarida.

Kwa hiyo hatungoji kukonyezwa. Ninachowapendea i-D ni kwamba waliuliza maswali wakaandika majibu, na hilo nataka tulifanye sisi zaidi, maana picha tunazo nyingi kwenye simu ila ukirudi miaka kumi baadaye hujui shati lile lilitoka wapi wala lilishonwa na nani.

Anti, mbali na i-D kuna lingine la kupenda? Nifupishie. Morogoro.

Yapo mawili. La kwanza The Face, London hukohuko na mwaka uleule 1980, la Nick Logan aliyeweka akiba yake mwenyewe, na herufi alizochora Neville Brody mle ndani zilibadilisha jinsi majarida yanavyoonekana. Julai 1990 ndo wakamweka modo Kate Moss kwenye kava, ana miaka 16, kavaa kilemba cha manyoya, anacheka mpaka pua imekunjamana, hakuna make up ya kutisha wala pozi. 1992 mwimbaji mmoja maarufu akalishtaki kwa kumchafulia jina, likashindwa, fidia na gharama zikataka kuliua, wasomaji wakachanga hela kulisaidia. Wasomaji! Lilifungwa 2004 na kurudi 2019.

La pili FRUiTS, la Tokyo, Shoichi Aoki alilianzisha 1997. Yeye alisimama mtaa wa Harajuku anapiga picha vijana waliovaa rangi zote za dunia kwa wakati mmoja, kimono juu ya jinsi, viatu vya soli ya matofali, vibanio vya nywele hamsini kichwani, na chini ya kila picha umri wake, anafanya kazi gani, kila kipande kakipata wapi. 2017 akaacha, akasema hawaoni tena vijana wa kuwapiga picha. Nilisikitika nilivyosoma, ila nilimheshimu, hakutaka kujaza kurasa kwa kitu asichokiamini.

Anti shikamoo. Sie ni marafiki wawili wa Mji Mkongwe, twataka kufanya jarida letu dogo kama hilo i-D la mwanzo, la watu wa mtaani Unguja wanavyovaa. Hatuna kamera, tuna simu. Hatuna pesa. Twaanzaje, na watu watakubali kupigwa picha?

Marahaba wanangu! Nyie ndo mmenifurahisha wiki nzima.

Watu kukubali kwanza. Msianze na simu, anzeni na mdomo. Mtu mmuamkie, mkae, mseme sisi twafanya jarida, tumependa ulivyovaa, twaomba tukuulize, na mkishamuuliza ndo muombe picha. Akikataa picha muulize kama mnaweza kupiga nguo tu, mikono, viatu, kilemba kwa nyuma. Wapo akina mama hawataki sura ionekane na hiyo ni haki yao, tena picha ya mkono umeshika buibui la hariri na hina mpya si picha ndogo. Mtoto, mzazi wake aulizwe. Na jina la mtu liandikwe analotaka yeye, akisema muandike Bi Mkubwa wa Vikokotoni, basi ndo jina.

Maswali yenu yawe machache ila ya ndani. Mnajua wazee wa Jaws Corner pale kwenye kahawa na dhumna, karibu kila mmoja ana kofia kichwani. Msimuulize mzee "kwa nini unapenda kofia", atawajibu neno moja. Muulizeni hii ya viua kashona nani, ilichukua miezi mingapi, alilipa au alishonewa na mkewe, hufuliwa vipi na hukaushwa juu ya nini. Hapo mtakaa mpaka magharibi. Mimi niliwahi kukaa na bibi mmoja mshonaji akanionyesha kofia iko nusu, kila kile kitundu kidogo unachokiona kimezungushiwa uzi kwa sindano mmojammoja, akitundika kofia mbele ya taa ukuta mzima unajaa nyota. Mkipata picha ya kofia mbele ya taa, hiyo ndo iwe kava. Na Idi ikifika muende Mnazi Mmoja jioni, watoto wako na nguo mpya bado zina mikunjo ya dukani, maswali hapo hayaishi.

Picha pigeni asubuhi au jioni, kivulini, mtu asimame na ukuta nyuma yake, simu iwe usawa wa kifua chake siyo kichwani, vinginevyo miguu inakuwa mifupi, na viatu vionekane, msikate viatu tafadhali. Mkizitoa fotokopi nyeusi na nyeupe zitakuwa nzito, kwa hiyo ziongezeeni mwanga kwenye simu kabla ya kupeleka.

Sasa kutengeneza. Chukueni karatasi 4 za A4, zikunjwe katikati, mnapata kurasa 16. Kurasa mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi namba zake zikijumlishwa lazima zifike 17, ya 1 inakaa na ya 16, nyuma yao 2 na 15, mpaka katikati 8 na 9, mkikosea hapo mzee wa kofia ataanzia ukurasa wa tatu na kumalizikia wa kumi. Fanyeni kwanza moja ya mfano kwa penseli. Chapeni thelathini tu za mwanzo, na kila mliyempiga picha apewe yake kabla hamjauza hata moja. Mkija kukua mkataka kulitoa kila mwezi na kuliuza huku bara, kuna sheria ya huduma za habari ya 2016 inataka leseni, na huko Unguja mna taratibu zenu, mkaulize mapema.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, mtahangaika, kwa hiyo shoneni. Fungueni jarida katikati, toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, juu, kati na chini. Sindano ianzie ndani kwenye tundu la kati itoke nje, irudi ndani kwa tundu la juu, ishuke moja kwa moja mpaka la chini itoke nje, kisha irudi ndani kwa lile la kati, fungeni fundo hapo juu ya ule uzi mrefu. Uzi ule wa kushonea kofia unafaa kabisa, mkamuombe yule bibi. Na nakala moja mniwekee, nitaifuata mwenyewe kwa boti.